Fumo Liyongo wa Ozi: Mtungaji wa Nyimbo Kabla ya Kuwa Shujaa

Wasomaji wengi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na Fumo Liyongo kwa mara ya kwanza katika utendi wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, ulioandikwa mwaka 1913. Utendi huo ulitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, pamoja na utangulizi wa Abdilatif Abdalla, na M. M. Mulokozi aliutia tena katika *Tenzi Tatu za Kale* mwaka 1999. Kwa sababu hiyo Liyongo wa madarasani ni shujaa: pande la mtu mwenye nguvu zisizo kifani, anayekimbia vitimbi vya mfalme wa Pate na kuuawa hatimaye na mwanawe kwa sindano ya shaba. Nyimbo zinazonasibishwa kwake, ambazo ni nyingi na baadhi yake ni nzuri kuupita utendi wenyewe, hutajwa katika tanbihi, au hutumiwa kama ushahidi wa kuthibitisha kwamba shujaa huyo aliishi.

Shabaha ya makala haya ni kuupindua mpango huo. Nadai ya kwamba Liyongo aliingia katika fasihi yetu akiwa mtungaji wa nyimbo, na kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaita maisha yake imechipuka katika nyimbo. Jambo hili si la kuchezea maneno. Maadamu tunamsoma kama shujaa tu, tunazisoma nyimbo zake vibaya, na tunaendeleza dharau ya zamani inayomweka mtungaji wa ngoma chini ya mtungaji wa utendi, kana kwamba wimbo ni kitu cha kupita na utendi ndio fasihi.

Natuanze na mfuatano wa maandishi, maana katika mjadala huu mara nyingi hupuuzwa. Ushahidi wa kale kabisa tulio nao wa kazi ya Liyongo haumo katika kisa chochote. Umo katika takhmisa iliyotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule mtungaji wa *Al-Inkishafi*, aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Takhmisa, kama ijulikanavyo, ni ufundi wa kuchukua utungo wa mtu mwingine na kuongezea mishororo mitatu juu ya kila miwili ya asili, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mshairi hafanyi hivyo kwa utungo asiouheshimu. Huufanyia utungo unaojulikana na wasikilizaji wake, kwa sababu ladha ya takhmisa yote imo katika kusikia mishororo iliyozoeleka ikija baada ya mishororo mipya. Sayyid Abdallah alichagua wimbo wa majivuno na uthabiti mbele ya maadui. Hakusimulia habari za Pate, wala za mkuki, wala za sindano. Kwake yeye Liyongo alikuwa maneno yaliyopangwa vizuri.

Takhmisa hiyo ilichapishwa na Edward Steere katika *Swahili Tales* mwaka 1870, na katika kitabu hicho hicho imo hadithi ya Liyongo kwa maandishi ya nathari, kama Steere alivyoipata Unguja. Basi hapo ndipo kisa kinapotokea kwenye chapa kwa mara ya kwanza, wakati ambapo wimbo ulikwisha kuwa maarufu kiasi cha kupambwa na bingwa wa Lamu kabla ya hapo. Alice Werner alikusanya mapokeo zaidi pwani ya kaskazini katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kijuma akatunga utendi wake wakati huo huo. Tukiyapanga maandishi kwa tarehe zake, tunaona kwanza mtungaji, kisha mhusika wa hadithi, kisha shujaa wa utendi. Najua fika kwamba tarehe ya maandishi si tarehe ya mapokeo, na kwamba hadithi inaweza kusimuliwa karne nyingi kabla ya kuandikwa. Hata hivyo anayetaka kudai kuwa shujaa alimtangulia mtungaji ndiye anayepaswa kuleta hoja. Mfuatano wa maandishi hauko upande wake.

Hadithi ya Steere yastahili kusomwa upya kwa jicho hili. Humo Liyongo amefungwa gerezani, naye huimba. Watu wa mji husikia nyimbo zake na kuzipenda. Jioni huja kwa wingi mlangoni pa gereza, si kumtazama mtu mwenye nguvu za ajabu, bali kuimba nyimbo zake pamoja naye. Yeye hutoa, nao huitikia. Tupa imekwisha kumfikia ndani ya mkate wa wishwa, na kila wanapoitikia yeye hukereza minyororo, kwa kuwa sauti ya kiitikio hufunika sauti ya chuma. Kiitikio kinapokoma, tupa hukoma.

Sijui mahali pengine katika fasihi yetu ya kale ambapo kazi ya mtungaji wa nyimbo imeelezwa kwa ufasaha kama hapa. Kila mtu aliyewahi kuketi katika ngoma yajua kanuni hii: manju huhitaji waitikiaji, na waitikiaji humpa manju nafasi ya kupumua na kufikiri. Msimulizi wa Unguja ameichukua kanuni ya ngoma akaifanya kuwa mbinu ya kutoroka. Umati unamwokoa mtu bila kujua, kwa sababu tu unapenda nyimbo zake. Huu si ushujaa wa misuli. Mtu yule yule ambaye hadithi yasema aliwatisha watu kwa kupuliza panda hata ikapasuka, na ambaye mkoba wake mmoja ulibeba kinu, mchi, jiwe la kusaga, vyungu na mafiga yake matatu, hawezi kuvunja mnyororo kwa mikono. Nguvu zake za mwili ni za kuchekesha na kustaajabisha. Panapokuwa na haja ya kweli, kinachofanya kazi ni wimbo.

Kabla ya hapo upo wimbo mwingine, ule anaompa Saada, kijakazi aletaye chakula, aupeleke kwa mama yake. Walinzi wanausikia, hapana siri katika sauti. Siri imo katika fumbo. Saada anaubeba kwa moyo, na mama anaufumbua na kuoka mkate. Joseph Mbele, katika uhakiki wake wa miaka ya 1980, alionyesha vizuri kwamba shujaa huyu asingekuwa chochote bila wanawake hawa wawili. Nakubaliana naye, ila napenda kusogeza hoja yake hatua moja. Wanawake hawa si wasaidizi wa shujaa tu. Ndio njia ambayo wimbo unapita. Saada ndiye mwimbaji wa kwanza wa Liyongo tunayemjua kwa jina, na ni mtumwa; mama ndiye mfasiri wa kwanza. Baina yao wamesimama walinzi, wasikilizaji wasiofahamu, ambao huridhika na chakula kizuri cha juu na kumwachia mfungwa wishwa. Hapo tuna aina tatu za hadhira ya fumbo: anayelibeba, anayelifumbua, na anayelisikia likampita.

Sasa, fumbo lina tabia moja ambayo wahakiki wa ushairi wetu wamekwisha kuiona mahali pengine. Fumbo hudai kisa. Msikilizaji asiyelifahamu huuliza, “Huyu alisema hivi kwa sababu gani?” na mzee aliyeketi kando humpa habari. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia yakiwa yamefungamana na visa vya namna hiyo: beti hizi alizitunga fulani alipomtukana, beti hizi alizitunga aliporudi safari. M. H. Abdulaziz alipoyatolea maelezo mwaka 1979 alilazimika kuvitumia visa hivyo, maana bila ya hivyo mashairi mengine hayafunguki. Lakini kwa Muyaka tuna historia ya Mombasa ya kupimia: tunawajua Wamazrui, tunaijua vita ya Shela, tunaujua wakati wake. Kwa Liyongo hatuna kipimo cha nje. Kisa na wimbo vinashikana mikono, kila kimoja kikimthibitisha mwenziwe, na mhakiki asiyeangalia huzunguka humo kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Kusini mwa Ufaransa, katika karne ya 12, walikuwako watungaji wa nyimbo za mapenzi ambao karne iliyofuata waliandikiwa maisha yao kwa nathari fupi fupi. Mmoja wao, Jaufre Rudel, alitunga nyimbo kuhusu mapenzi ya mbali. Walioandika maisha yake wakasema kwamba alimpenda mwanamke mtukufu wa Tripoli asiyewahi kumwona, akasafiri baharini, akaugua, akafa mikononi mwake. Wahakiki wa huko wamekubaliana kwa muda mrefu kuwa kisa hicho kimetolewa ndani ya nyimbo zenyewe: neno “mbali” limegeuzwa kuwa safari. Waarabu nao wana Antara bin Shaddad, mshairi wa kabla ya Uislamu ambaye kasida yake ilitangulia, na masimulizi marefu ya vita vyake yakafuata kwa karne nyingi. Sisemi kwamba Liyongo ni nakala yao. Nasema kwamba njia hii, kutoka wimbo hadi maisha, ni njia inayojulikana, na haifai tuione ya ajabu inapotokea Ozi.

Mfano wa kikoa unanisaidia hapa. Katika kisa, Liyongo na wenziwe wanakula kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wengine. Shabaha ya wenziwe ni kumpiga mishale siku ya zamu yake, akiwa juu ya mti. Yeye hakupanda, alisimama chini akaangusha makoma kwa mishale yake. Miongoni mwa nyimbo zinazonasibishwa kwake umo utumbuizo unaohusu kikoa, na upo pia ule unaosifu uta. Mtu akiziweka nyimbo mbili hizi kando kando, moja juu ya ulaji wa zamu na nyingine juu ya uta, anapata kisa cha makoma karibu kizima. Kipi kilimzaa mwenziwe? Utumbuizo wa uta ni sifa za chombo, wenye kukitazama sehemu kwa sehemu kwa mapenzi ya fundi. Wala hauhitaji njama yoyote ili ueleweke. Ni rahisi kuona kisa kikijengwa juu ya nyimbo zilizokuwako. Ni vigumu zaidi kuona mtu aliyenusurika kuuawa na wenziwe akikaa kutunga sifa za mbao na kano za uta bila ya kugusa usaliti wenyewe.

Yafaa sasa tuseme juu ya mahali, kwa kuwa mahali pamesahauliwa. Msafiri atokaye Garsen, mji ulio kwenye njia ya Malindi na Lamu, akaufuata mto kuelekea baharini, huingia katika nchi ya mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, nchi ya mpunga, migomba, miembe na mikoma, hata afike Ozi, na kisha Kipini kwenye mlango wa mto. Mto Ozi zamani ulikuwa na mlango wake peke yake. Mfereji wa Belazoni, uliochimbwa na watawala wa Witu katika karne ya 19, ndio uliouvuta mto Tana ukapita huko. Katika eneo hili yamo magofu ya Shaka, ambako mapokeo mengi humweka Liyongo na ndugu yake Mringwari, na magofu ya Ungwana, yaliyochimbuliwa na James Kirkman na kuandikiwa kitabu mwaka 1966. Karibu na Kipini huonyeshwa kaburi linalosemwa kuwa ni lake. Hiyo ndiyo nchi ya nyimbo: mikoma yake, maji yake, wawindaji wake Wasanye na Wadahalo, na wafugaji ambao tenzi huwaita Wagala, jina wasilolipenda wenyewe, nao ni Waoromo.

Walakini maandishi yote makubwa yametengenezwa Lamu, Unguja na Ulaya. Wakusanyaji walikaa Lamu kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na waandishi, karatasi na nyumba za kufikia. Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ambaye alikaa Lamu mwaka 1936 na 1937. Mto ukawa mandhari tu: mahali ambapo mambo yalitokea, si mahali ambapo watu waliimba. Ilhali wamisionari wa Neukirchen walikwisha kufungua kituo chao Ngao mwaka 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, alishughulika na lugha na nyimbo za Wapokomo miaka mingi kabla ya utendi wa 1913. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, wote wakiwa katika kundi la Sabaki, na lahaja za kaskazini zimeishi mlango kwa mlango na lugha hiyo kwa karne nyingi. Mhakiki anayetaka kujua nyimbo za Liyongo zilikuwa na majirani gani hana budi kusoma nyimbo za Kipokomo kando ya tumbuizo. Kuiita kila sura ngeni ya neno “Kingozi” na kuishia hapo ni kulifungia tatizo ndani ya sanduku na kuandika jina juu yake.

Na tusifikiri kuwa usahaulifu huu ni wa zamani tu. Sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Kamati ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop na Thomas Kalume, iliutengeneza mwaka 1963 na kuutilia maneno mapya ya Kiswahili. Majina ya wanakamati yamo vitabuni. Mama aliyeitunga sauti hiyo kwanza, au akina mama walioipokezana, hawana jina. Mto Tana umelipa taifa zima wimbo wake mkuu, na kwa upande wa maneno hakikubaki hata kimoja.

Narudi kwa Kijuma, maana si haki kumfanya yeye mkosaji. Kijuma mwenyewe alikuwa mtu wa nyimbo na ngoma: mpigaji, mtungaji, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji. Tasnifu ya Mohamed Ibrahim Abou Egl ya mwaka 1983, na kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010, vimemtoa katika kivuli cha mnakili na kumrudishia hadhi yake. Mtungaji mmoja wa ngoma, basi, ndiye aliyeandika maisha ya mtungaji mwingine wa ngoma, na alama za jambo hilo zimo katika utendi. Angalia mahali anapochangamka. Vita havimshughulishi, hupita juu yake kwa beti chache. Lakini ngoma ya gungu, pamoja na vyombo vyake, anaipa nafasi na raha, na habari za gerezani, za Saada na mkate, ndizo zenye msukumo mkubwa kuliko zote. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ni bora kuliko utendi mzima uliobaki, na ni bora kwa sababu mwandishi alikuwa akiandika juu ya kazi aliyoijua mikononi mwake.

Hata hivyo, umbo alilolichagua lilikuwa na gharama. Utendi una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vikiwa na kina kimoja na cha nne kikirudia kina cha bahari. Ni umbo la kusimulia: hatua fupi, sawa sawa, zisizochoka. Tumbuizo zina mshororo mrefu, wenye vituo ndani yake, na kina kimoja kinachoendelea kutoka mwanzo hadi mwisho, hata msikilizaji akawa anakingojea kwa hamu kila pumzi. Wimbo wa Saada ukiingizwa ndani ya utendi hauwezi kubaki na mwendo wake. Unakatwa vipande vinane vinane ukawa habari ya wimbo. Msomaji wa utendi hupata kujua kwamba Liyongo aliimba na alisema nini. Hapati kusikia alivyoimba. Ndiyo maana kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi hutoka na shujaa mkononi, bila ya mtungaji.

Zipo hoja za kupinga, na yafaa nizikabili mbili. Ya kwanza ni ya Ibrahim Noor Shariff, ambaye mwaka 1991 alitetea kwa nguvu kwamba Liyongo alikuwa mtu wa kweli wa historia, na kwamba wasomi wa kigeni wamekuwa wepesi mno kumgeuza ngano. Sina ugomvi naye. Mtu mwenye jina hilo aliweza kuishi Shaka au Ozi, akawania utawala na Mringwari, akatunga nyimbo. Ninalokataa ni ile hatua inayofuata, ya kuichukua kila tukio la kisa kuwa habari za maisha yake. Tarehe zilizopendekezwa kwa ajili yake zimetapanyika kuanzia karne ya 9 hadi ya 17, na kutapanyika huko kwenyewe ni ushahidi kuwa tunapima kwa kamba isiyo na fundo. Kama Waoromo walifika kandokando ya Tana ya chini mwishoni mwa karne ya 16 au mwanzoni mwa ile ya 17, kama inavyokubaliwa na wanahistoria wengi, basi sehemu ya kisa inayowahusu, pamoja na ndoa na mwana aliyemuua babaye, haiwezi kuwa ya kale kuliko hapo. Anayemweka Liyongo karne ya 10 au ya 12 lazima aiondoe sehemu hiyo, na akiiondoa hana tena kifo cha shujaa. Nyimbo hazidhuriki. Zinaweza kuwa za kale kuliko kisa, au baadhi yake za kale na nyingine za baadaye, bila ya kupoteza chochote.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili: ikiwa nyimbo ni za watu wengi na za nyakati mbalimbali, mtungaji yuko wapi? Kitabu cha *Liyongo Songs* cha mwaka 2004, kilichotayarishwa na kundi lililowajumuisha Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir, Ahmed Sheikh Nabhany, Farouk Topan, Said Khamis, Yahya Ali Omar na wenzao, kwa uangalifu kinazungumza juu ya tungo “zinazonasibishwa” kwa Liyongo. Uangalifu huo ni wa haki. Mtu akizisoma mfululizo husikia mikono zaidi ya mmoja: mkono wa sifa za mwanamke si mkono wa uta, na wala haufanani na ule wa majivuno. Lakini hili halimwondoi mtungaji. Linatueleza jina lake lilikuwa na kazi gani. Waimbaji wa gungu walipoutia wimbo jina la Liyongo, walikuwa wakisema ni wimbo wa namna gani: wa kiungwana, wa mshororo mrefu, wenye fumbo, wa usiku wa harusi. Jina likawa kama chapa ya fundi ambayo wanafunzi wake waliendelea kuipiga. Steere ameandika juu ya gungu la kukwaa na gungu la kufunda, na juu ya desturi ya kuimba kwa mafumbo humo; si ajabu kwamba ngoma iliyodai werevu kiasi hicho ilihitaji bwana wake wa kwanza.

Kinachotakiwa basi katika idara zetu ni kuugeuza utaratibu wa kusomesha. Mwanafunzi aanze na takhmisa na tumbuizo, azisome kwa sauti, ajifunze pumzi ya mshororo mrefu. Kisha apewe hadithi ya Unguja. Utendi wa Kijuma uje mwisho, usomwe kama tafsiri ya mtungaji mmoja juu ya mwingine. Na utafiti wa uwandani usiishie Lamu. Ozi na Kipini ziko mwendo wa siku moja kutoka Garsen, na wazee wa huko wasiulizwe tu kaburi liko wapi. Waulizwe harusi za mama zao ziliimbwa nini.

Limebaki jambo moja katika kisa ambalo sijaona likipewa uzito wake. Baada ya kuchomwa sindano, Liyongo alichukua uta wake, akatoka hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa hali amelenga. Watu waliogopa kuteka maji, wakidhani yu hai na ameghadhibika. Wakamwendea mama yake, wakamsihi akamtulize. Akaenda akamwimbia. Neno letu la kazi hiyo ni kutumbuiza, na kwalo ndiko linakotoka jina la utanzu wote wa nyimbo zake. Mtu aliyewafundisha watu kuitikia aliimbiwa na mama yake kando ya kisima, na huo ndio wimbo pekee katika kisa kizima uliokosa jawabu.